Ukurasa Unapoganda Kazi Ikiwa Nzito: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Swali la kwanza

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga mjini, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti ndogo ndogo za wafanyabiashara. Msimu uliopita wa machungwa nilikitengenezea kikundi kimoja cha wakulima wa Muheza ukurasa wa daftari la mapokezi, ambamo karani huandika mzigo wa kila mkulima, na mwisho wa juma hubonyeza kitufe cha "Hesabu malipo". Orodha ilipokuwa fupi mambo yalikwenda vizuri. Sasa ina mapokezi 12,000 ya wakulima 1,500, na karani akibonyeza kitufe hicho kwenye simu yake ukurasa unaganda: vitufe haviitiki, visanduku havipokei herufi, na maneno "Tafadhali subiri" niliyoyaweka yatokee kabla ya hesabu kuanza hayaonekani kabisa. Mara nyingine kivinjari huuliza kama ukurasa ufungwe. Karani, kwa kuwa haoni jibu, hubonyeza tena na tena, na siku moja malipo yalihesabiwa mara tatu. Fundi mwenzangu alinishauri nitangulize neno async mbele ya fanksheni yangu, yaani kipande cha msimbo kinachofanya hesabu. Nimefanya hivyo na hakuna kilichobadilika. Kwenye kompyuta yangu kazi hiyohiyo humalizika upesi. Je, tatizo ni simu ya karani, ni mtandao wa Muheza, au ni msimbo wangu, ambao nimeuambatanisha?

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Mtandao wa Muheza hauna kosa hapa, kwa sababu kwa maelezo yako orodha yote imeshafika kwenye simu kabla karani hajabonyeza kitufe. Mtandao ukiwa dhaifu ukurasa huchelewa kufunguka, au picha huchelewa kujaa, lakini vitufe vilivyokwisha kuonekana huendelea kuitika. Kitufe kisichoitika na kisanduku kisichopokea herufi ni dalili kwamba uzi mkuu wa ukurasa, yaani mfululizo unaotekeleza maagizo yake moja baada ya jingine, umeshikwa na kazi moja ambayo hauwezi kuiacha. Wala usidanganyike pale unapoona ukurasa bado unateleza ukiuvuta kwa kidole, kwa kuwa vivinjari vya leo mara nyingi huifanya kazi ya kupandisha na kushusha ukurasa kwa uzi mwingine. Ukurasa unaweza kuteleza vizuri huku kila kitufe kilichomo kikiwa hakisikii.

Lugha ya JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 alipokuwa katika kampuni ya Netscape, na mpaka leo msimbo wa kawaida wa ukurasa huendeshwa na uzi mmoja. Uzi huohuo ndio unaopokea miguso ya kidole, unaopima kila kipande kikae wapi kwenye skrini, na unaoandaa mchoro wake. Jambo la kushika zaidi ni kwamba fanksheni ya kawaida ikishaanza haikatizwi mpaka ifike mwisho. Ni kama kivuko cha Pangani kikishang'oa kuelekea Bweni: hata akitokea gatini mtu mwenye haraka ya namna gani, hakirudi kutoka katikati ya mto kumchukua, bali naye atasubiri kimalize safari. Hesabu yako ni safari moja ndefu, na miguso ya karani, maneno yako ya "Tafadhali subiri", hata ule mchoro mdogo unaoonyesha kwamba kitufe kimebonyea, vyote vimeachwa gatini.

Safari ndefu ni ya muda gani? Skrini ya kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani fremu moja kila milisekunde 16.7, na sehemu ya muda huo huliwa na kivinjari chenyewe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba jibu linalokuja ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtumiaji huliona kama limekuja papo hapo, na kwamba likivuka sekunde moja mtiririko wa fikra zake hukatika. Kutokana na kipimo hicho cha milisekunde 100, wataalamu wa vivinjari huihesabu kazi yoyote inayozidi milisekunde 50 kuwa ndefu, kwa sababu mguso unaweza kuja pale kazi hiyo inapoanza, ukasubiri mpaka iishe, na bado wenyewe ukahitaji muda wa kushughulikiwa. Google nayo, tangu Machi 2024, imeingiza katika vipimo vyake vikuu vya ubora wa kurasa muda unaopita kati ya mguso na mchoro unaoufuata: usipozidi milisekunde 200 ukurasa huhesabiwa kuwa mzuri, na ukipita 500 huhesabiwa kuwa mbaya.

Neno async halikukusaidia, wala lisingeweza. Halihamishi kazi kwenda uzi mwingine. Linairuhusu tu fanksheni kusimama mahali penye await na kuendelea baadaye. Fanksheni isiyo na await ndani yake hukimbia mpaka mwisho kama zamani. Tena, hata ukiweka await mbele ya Promise (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) iliyokwisha kutimia, sehemu inayofuata huingia katika foleni ndogo ambayo kivinjari hulazimika kuimaliza yote kabla ya kuchora chochote au kupokea mguso. Unaweza basi kuujaza msimbo wako await kila mstari na karani wa Muheza asione tofauti hata moja.

Kutoonekana kwa "Tafadhali subiri" kuna sababu hiyohiyo. Unapobadilisha maandishi ya ukurasa, kivinjari hakichori saa hiyo. Kinaweka kumbukumbu kwamba kuna badiliko, kisha kinachora uzi ukiwa huru. Wewe uliandika maneno, ukafanya hesabu, ukafuta maneno, yote katika safari moja, na kivinjari kilipopata nafasi ya kuchora maneno hayakuwapo tena. Malipo kuhesabiwa mara tatu nako kunaelezeka hivyohivyo. Miguso ya karani haikupotea, ilipanga foleni. Katika msimbo wako nimeona umekizima kitufe mwanzoni mwa fanksheni na kukiwasha mwishoni, ukitegemea kwamba hilo litamzuia. Lakini miguso iliyo kwenye foleni huja kushughulikiwa baada ya fanksheni kwisha, wakati kitufe kimeshawashwa tena, na hivyo kila mguso unaanzisha hesabu mpya.

Sasa tuje kwenye dawa. Mafundi wengi hukimbilia kuikata kazi vipande au kuihamisha kabla ya kuuliza kama yote ni ya lazima, na mimi siukubali utaratibu huo, kwa kuwa kazi isiyohitajika hata ukiikata vizuri namna gani bado inakula betri ya mwenye simu. Kwa kila pokezi, msimbo wako unaipekua orodha ya wakulima tangu mwanzo kumtafuta mwenye mzigo. Mapokezi 12,000 mara wakulima 1,500 ni milinganisho inayoweza kufika milioni 18, na hata ukichukua kwamba kwa wastani mkulima hupatikana katikati ya orodha, ni milioni 9. Waweke wakulima wote mara moja tu kwenye Map, yaani orodha inayompata mtu kwa ufunguo wake, namba ya mkulima ikiwa ndiyo ufunguo, na kila pokezi litampata mwenyewe kwa hatua moja. Badiliko hilo ni la mistari michache, na sitashangaa likimaliza nusu ya malalamiko ya karani wako.

La pili ni jedwali. Unaongeza mstari mmoja kwenye ukurasa, kisha unasoma offsetHeight, yaani urefu wake, ili kujua jedwali limefika wapi, kisha unaongeza mwingine. Kila unaposoma kipimo baada ya kubadilisha kitu, unakilazimisha kivinjari kupanga upya ukurasa hapohapo ili kikupe jibu la kweli, jambo ambalo kingeliahirisha na kulifanya mara moja tu mwishoni. Soma vipimo vyote kwanza, andika baadaye, na uiunganishe mistari mipya nje ya ukurasa kwa DocumentFragment, ambayo ni kama kapu la muda, kabla ya kuiingiza. Hata hivyo swali kubwa zaidi ni kwa nini uichore mistari 12,000 kwenye skrini ya simu. Karani anataka jumla ya kila mkulima na uwezo wa kumfungua mmoja mmoja. Mpe mistari 50, na mingine ije anapoivuta.

La tatu ni dogo, nalitaja kwa kuwa linasahaulika: unaita toLocaleString kwa kila kiasi cha fedha ili kupata alama za maelfu, na kila mwito hutafuta upya kanuni za lugha. Tengeneza Intl.NumberFormat moja, yaani chombo cha kupangilia namba, kabla ya kitanzi (sehemu ya msimbo inayorudiwarudiwa) na uitumie hiyo kwa viasi vyote.

Ukishapunguza, kilichobaki ndicho cha kukata vipande. Usikate kwa idadi ya mapokezi, kwa sababu mapokezi 500 ambayo kompyuta yako huyamaliza mara moja yanaweza kuielemea simu ya bei nafuu. Kata kwa saa: fanya kazi kwa milisekunde 40 hivi, mwachie kivinjari nafasi, kisha endelea pale ulipoishia.

```
function pisha() {
  if (globalThis.scheduler?.yield) return scheduler.yield();
  return new Promise(tayari => setTimeout(tayari, 0));
}

async function hesabuMalipo(mapokezi) {
  let kikomo = performance.now() + 40;
  for (const pokezi of mapokezi) {
    hesabu(pokezi);
    if (performance.now() > kikomo) {
      await pisha();
      kikomo = performance.now() + 40;
    }
  }
}
```

Hapa async na await zina kazi ya kweli, kwa kuwa await inasubiri kitu kinachopita kwenye foleni kubwa ya kivinjari, na katikati yake miguso hupokelewa na mchoro huchorwa. Fanksheni ya scheduler.yield ilikuja na Chrome 129 mwaka 2024, na sifa yake ni kwamba kazi yako ikishapisha huwekwa mbele ya kazi nyingine za aina yake zilizokwisha kupanga foleni, badala ya kupelekwa mkiani. Kivinjari kisichokuwa nayo kitatumia setTimeout, fanksheni ya kuchelewesha kazi kwa muda unaoutaja. Usije ukashawishika kupisha baada ya kila pokezi kwa kudhani kwamba ndiyo adabu zaidi: kanuni za wavuti zinasema kwamba setTimeout ikiitana yenyewe kwa yenyewe zaidi ya mara 5, kila mwito utasubiri si chini ya milisekunde 4, na 4 mara 12,000 ni sekunde 48 za kungoja bure.

Ukitaka maneno ya "Tafadhali subiri" yachorwe kwa uhakika kabla ya kipande cha kwanza, yaandike, kisha ita requestAnimationFrame, ambayo hukimbia kabla kidogo ya mchoro unaofuata, na ndani yake uweke setTimeout inayoanzisha hesabu. Kutumia setTimeout peke yake hakutoshi kila mara, maana inaweza kutangulia mchoro.

Kupisha kuna gharama ambayo wengi huigundua wakiwa wameshaweka ukurasa mikononi mwa watu. Zamani, hesabu ilipokuwa safari moja, hakuna aliyeweza kugusa data katikati yake. Sasa karani anaweza kurekebisha kilo za mkulima wakati nusu ya orodha imeshahesabiwa, au akafuta pokezi ambalo kitanzi chako kinaliendea. Chukua nakala ya orodha kabla ya kuanza, au ufunge marekebisho mpaka hesabu iishe, na umweleze karani kwa maandishi kwamba yamefungwa. Kitufe kizime mwanzoni na ukiwashe mwishoni kama ulivyokuwa ukifanya. Safari hii kitafanya kazi yake, kwa kuwa miguso inayokuja katikati itakikuta kimezimwa kweli. Weka pia kitufe cha kughairi hesabu: kitanzi kinachopisha kinaweza kuulizwa, kila kinaporudi, kama bado kinatakiwa. Matokeo yasiingizwe kwenye daftari kidogo kidogo, bali yakusanywe pembeni na kuingizwa yote yakiwa tayari, ili aliyeghairi asiachiwe malipo nusu.

Jambo jingine linalohusu simu hasa ni kwamba karani hakai akiutazama ukurasa wako. Ataitwa na ujumbe, atafungua programu nyingine, na ukurasa utafichika. Kwenye ukurasa uliofichika vivinjari hupunguza setTimeout hadi mara moja kwa sekunde, Chrome huweza kuishusha hadi mara moja kwa dakika baada ya dakika 5 za kufichwa, na requestAnimationFrame husimama kabisa. Simu ikiishiwa nafasi inaweza hata kuuondoa ukurasa wote. Kwa kazi inayozidi sekunde chache, hifadhi ulipofikia kwenye IndexedDB, hifadhi ya data iliyo ndani ya kivinjari, ili karani akirudi usianze moja. Na kama mtandao wa kituo unaruhusu, mimi ningependa hesabu ya fedha ifanywe kwenye seva, si kwa sababu ya kasi tu, bali kwa kuwa hesabu inayofanyika ndani ya simu ya mtu inaweza kubadilishwa na mwenye simu.

Kuhusu simu ya karani: ndiyo, ni nyonge kuliko kompyuta yako, na ndiyo maana ndiyo inayofaa kupimiwa. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, ufungue chrome://inspect, na uangalie sehemu ya utendaji katika zana za wasanidi. Kazi zinazozidi milisekunde 50 utaziona zimewekewa alama nyekundu. Siku ambayo simu hiyo haipo karibu, zana hizohizo zinakuwezesha kuipunguzia kompyuta kasi ya kichakata mara 4 au 6. Hilo hukupa makisio, ila halichukui nafasi ya simu yenyewe.

Swali la pili

Mwalimu, habari za kazi. Nipo Pangani, na ninatengeneza ukurasa ambao wageni na wenyeji hupandisha picha walizopiga kwenye majengo ya kale ya mji wetu. Kabla ya picha kutumwa, ukurasa huisahihisha mwanga na kuipunguza ukubwa. Nilisoma kwamba kazi nzito ihamishiwe kwenye uzi wa pembeni kwa kutumia Worker, nikaihamisha. Ajabu ni kwamba ukurasa bado unakwama, ingawa si kwa muda mrefu kama zamani: mara moja picha inapoanza kushughulikiwa, na mara nyingine inapomalizika. Nimekosea wapi?

Jibu

Habari ni njema. Uamuzi wako wa kutumia Worker ni sahihi kwa kazi ya picha, na nauona unafaa zaidi kuliko kukata vipande, kwa sababu simu nyingi sasa zina viini kadhaa vya kichakata na si vizuri kimoja kibebe kila kitu. Teknolojia hii si ngeni pia, Firefox 3.5 ya mwaka 2009 ilikuwa nayo. Kinachokukwamisha ni usafirishaji.

Picha ya simu yenye upana wa nukta 4,000 na urefu wa nukta 3,000 ina nukta milioni 12, na kila nukta inachukua baiti 4 ikishafunguliwa, kwa hiyo unashika baiti milioni 48. Unapoituma kwa postMessage, fanksheni ya kupeleka ujumbe kwa Worker, bila maelezo zaidi, kivinjari huinakili yote, na kazi ya kunakili kwa upande wa mtumaji hufanywa na uzi uleule mkuu uliotaka kuupumzisha. Worker ikimaliza na kuirudisha, uzi mkuu unaingia tena katika kazi ya kuipokea. Huko ndiko kukwama kwako kwa mara mbili.

Namna ya kwanza ya kuepuka ni kuhamisha umiliki badala ya kunakili. ArrayBuffer, yaani kipande cha kumbukumbu kilichobeba nukta, inaweza kutajwa katika orodha inayofuata ujumbe, kwa mfano worker.postMessage(ujumbe, [ujumbe.nukta.buffer]), na hapo kumbukumbu yenyewe hukabidhiwa upande wa pili pasipo kunakiliwa. Upande uliotuma hubaki mtupu: ukiuliza urefu wa ile ArrayBuffer utajibiwa sifuri. Kwa hiyo usiitumie tena kuchora picha ya awali baada ya kuituma. Watu hupoteza saa nyingi wakitafuta kosa ambalo ni hilo tu.

Namna ya pili, ambayo kwako naipendelea, ni kutoufungulia uzi mkuu picha hata kidogo. Faili aliyoichagua mtumiaji ni kitu chepesi kukituma, kwa kuwa kinachokwenda ni rejeo lake wala si nukta zake. Ipeleke ilivyo kwa Worker, humo humo uifungue kwa createImageBitmap, uipunguze kwa OffscreenCanvas (turubai isiyoonekana kwenye ukurasa), uisahihishe mwanga, na urudishe faili ndogo iliyokwisha kubanwa. Ipunguze kwanza ndipo uisahihishe mwanga, sio kinyume chake: picha ya 1,600 kwa 1,200 ina nukta 1,920,000, chini ya moja ya sita ya zile milioni 12, na macho ya atakayeitazama kwenye tovuti hayatajua kwamba usahihishaji ulifanywa baadaye. Vivinjari vya zamani vinaweza kukosa OffscreenCanvas, kwa hiyo angalia kama ipo kabla ya kuitegemea, na kwa wasiokuwa nayo iache picha ipande ilivyo na ishughulikiwe kwenye seva.

Worker ina mipaka yake. Haioni document wala window, ambavyo ndivyo msimbo huufikia ukurasa kwavyo, hivyo haiwezi kubadilisha kitu chochote kwenye ukurasa. Matokeo lazima yarudi kwa ujumbe na uzi mkuu ndio uyaonyeshe. Haina localStorage, ile hifadhi ndogo ya kivinjari, ingawa fetch ya kuomba data mtandaoni na IndexedDB inazo. Kuianzisha nako kunachukua muda na kumbukumbu, basi anzisha moja na uitumie kwa picha zote, zikija moja baada ya nyingine. Aliyechagua picha 20 akianzishiwa Worker 20 kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, kivinjari kinaweza kujifunga chenyewe. Kuna pia SharedArrayBuffer, kumbukumbu ambayo nyuzi mbili huitumia kwa pamoja. Ilizimwa katika vivinjari mwezi Januari 2018 baada ya udhaifu wa vichakata ulioitwa Spectre kufichuliwa, na iliporudi ilirudi na masharti ya vichwa maalumu, yaani maelezo yanayotangulia jibu, kutoka kwenye seva. Kwa ukurasa wa picha za majengo huihitaji.

Swali la tatu

Salaam mwalimu. Ukurasa wangu wa bei za mboga za Lushoto una bidhaa na wauzaji 5,000 hivi. Mtu akiandika "karoti" kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi zenyewe zinachelewa kutokea, zinakuja kwa kukwamakwama. Niweke Worker?

Jibu

Salaam nawe. Orodha ya 5,000 ni ndogo mno kwa Worker. Neno "karoti" lina herufi 6, na bila shaka ukurasa wako unatafuta na kuchora matokeo yote upya kwa kila herufi, kwa hiyo umefanya kazi mara 6 na mara 5 za mwanzo hakuna aliyezitaka. Herufi inapoingia, anzisha setTimeout ya milisekunde 200 hivi, na herufi nyingine ikija kabla ya muda huo kwisha ifute ya kwanza kwa clearTimeout na uanzishe mpya. Utafutaji utafanyika mwandishi anapotulia.

Kabla ya hayo, ziandae data mapema. Kama kila unapotafuta unabadilisha majina yote kuwa herufi ndogo, yabadilishe mara moja ukurasa unapofunguka na uyahifadhi pembeni. Kama unapanga matokeo kwa alfabeti kwa localeCompare, tengeneza Intl.Collator moja, yaani chombo cha kulinganisha maneno, na utumie fanksheni yake ya compare, ambayo kwa orodha ndefu ina kasi zaidi. Onyesha matokeo 30 ya kwanza. Mtu akiongeza herufi kwenye neno alilokwisha kulianza, tafuta ndani ya matokeo yaliyopita badala ya orodha nzima, ila akifuta herufi sharti urudi kwenye orodha nzima, la sivyo "karanga" hazitaonekana kwa aliyeandika "karo" kisha akafuta moja.

Kama baadaye utaanza kutafuta kwenye seva, kumbuka kwamba majibu hayarudi kwa mpangilio yalivyotumwa. Jibu la "kar" linaweza kufika baada ya la "karoti" na kulifunika. Lipe kila ombi namba, na jibu lolote ambalo namba yake si ya mwisho litupe bila kulichora; AbortController nayo itakusaidia kuyakatisha maombi ya nyuma, ili simu isiendelee kupakua kisichotakiwa kwa kifurushi cha mwenye kuilipia.